Kuchunga nyumba na wanyama wa watu: inaweza kuwa kazi ya mwaka muzima hapa Kisangani?



Tangu muda fulani kuna video zenye zinapita kila siku mu telefone zetu. Bwana na bibi wa Ulaya wanaonyesha namna wanazunguka dunia mwaka muzima bila kulipa nyumba. Mwezi huu wako Lisbon, mwezi kesho Edinburgh, kisha Sydney. Kazi yao ni kulala mu nyumba ya mutu mwenye ameenda safari, kuchunga imbwa yake ao paka yake, kumwangia maua yake maji, mupaka mwenyewe arudie. Vijana wa kwetu wenye wanaziangalia wanauliza ulizo moja: sisi wenye diploma bila kazi, hatuwezi kufanya vile?

Jibu langu ni hili: inawezekana, lakini hapana vile video inaonyesha. Hapa kwetu mutu mumoja peke yake hawezi kuishi mwaka muzima kwa kazi hiyo. Watu wane wenye kusikilizana, wanaweza kujaribu. Na kitu chenye mutu atakulipa siyo usingizi wako mu salon yake. Atakulipa juu unajua wanyama na juu anakuamini. Acha nieleze pole pole.

Vile inatembeaka kule

Kampuni yenye inajulikana zaidi ni TrustedHousesitters, ilianza Uingereza mwaka 2010. Iko pia Nomador ya Wafaransa, na zingine. Namna ya kufanya inafanana: mwenye nyumba analipa muchango ili atangaze safari yake, na mwenye kuchunga naye analipa muchango ili aone matangazo. Wakisikilizana, hakuna mushahara wenye unapita kati yao. Mumoja anapata mulinzi wa imbwa yake, mwengine anapata nyumba ya kulala.

Kwa nini inaenda vizuri kule? Ni hesabu tu. Mutu wa Paris akienda vakansi majuma 3, anapaswa kulipa mahali pa kuacha imbwa, na bei ni kubwa kila siku. Mutembezi naye, bila nyumba hiyo, angelipa hoteli, na hoteli ni bei kubwa zaidi. Kila mumoja anaepuka gharama nzito. Njo maana wanaweza kubadilishana bila feza. Muchunge hesabu hiyo mu kichwa, tutairudilia, juu hapa Kisangani haitoki vile.

Kuna pia kitu cha pili: majina mazuri. Kila nyumba unayochunga, mwenyewe anaandika kama ulifanya vizuri ao vibaya. Mutu mwenye hana hata barua moja ya kumushuhudia, hapati nyumba. Wale wa mu video walianza na paka ya jirani mu muji wao wenyewe, kisha wakafika Sydney.

Mulango wa paspoti

Sasa tuseme ukweli juu ya safari. Viza ya Schengen, tangu mwezi wa 6 mwaka 2024, ni euro 90, na wakikukatalia hawarudishi. Wanaomba asurance ya safari ya euro 30.000 kwa uchache, feza mu banki, na mahali pa kulala penye kujulikana. Ukipeleka barua ya mutu mwenye haujamuona hata siku moja, ikisema utalala kwake juu ya kuchunga paka, usishangae wakikuuliza: hii ni matembezi ao ni kazi?

Ulizo hiyo siyo ya paspoti yetu peke yake. Mu Marekani, kuchunga wanyama ili upewe pa kulala wanaihesabu kama kazi, na mutembezi hana ruhusa ya kufanya kazi. Mwaka 2022, mutembezi mumoja wa Australia alizuiwa ku uwanja wa ndege wa Los Angeles na akarudishwa kwao. Alikuwa anapita tu, anaenda Kanada kuchunga paka. Mutu wa Australia, mwenye paspoti yake inafungua milango mingi sana! Sisi tufikirie mara mbili.

Inchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kufika Nairobi ao Kampala ni mwepesi kuliko kufika Paris. Ni kitu kizuri. Lakini kuingia kama mugeni na kuwa na ruhusa ya kufanya kazi ni vitu viwili tofauti, hata kule.

Na hapa nitie onyo. Mutu akikuandikia kama kuna "kazi ya kuchunga nyumba Kanada", na anaomba dolare 50 ao 100 za kufungua dosie, ni mwizi. Hakuna mwenye nyumba wa kweli mwenye anatafuta mutu wa kulisha paka yake kwa kumuomba feza kupitia telefone.

Hapa Kisangani kazi iko, haina tu jina

Tuache Sydney, turudie Makiso, Mangobo na Kabondo. Hapa pia watu wanasafirika na kuacha nyumba. Profesa anaenda kufundisha kama mugeni Bunia, Isiro ao Buta, anakamata majuma mengi. Mama mwenye biashara anashuka Kinshasa na masuwa, na kila mutu anajua: unajua siku ya kuondoka, siku ya kufika ni Mungu anaijua. Mwengine anaenda Kampala ao Dubai kutafuta vitu. Familia nzima inaondoka juu ya matanga. Mutumishi wa shirika anaenda mapumuziko yake.

Ni nani anabakia? Kwa desturi yetu, ni ndugu. Wanaita mutoto wa dada yake mwenye anasoma iniversite, wanamuambia: "Kuja, utalala hapa, utaangalia parseli." Hawamuulize kama anajua kulisha kuku. Hawamuachie feza ya kutosha. Baba akirudia na kukuta kuku 8 wamekufa, mutoto wa dada anapata jina mubaya mu familia, na baba amepoteza mayai ya miezi. Hakuna mutu alifanya kwa ubaya. Kazi ilipewa mutu mwenye haijue, na bila mapatano.

Wengine wanaacha sentineli peke yake. Sentineli anafanya kazi yake, ni kuangalia mulango, zaidi usiku. Hakuajiriwa juu ya kuona kama imbwa anatoka povu ku kinywa, wala kujua kwa nini mbuzi amevimba tumbo. Basi hapo katikati, kati ya ndugu mwenye hajue na sentineli mwenye hiyo siyo kazi yake, kuna nafasi ya mutu wa tatu. Ni nafasi yetu. Nitamuita muchunga-nyumba.

Hesabu ya mwaka muzima

Wengi wanaruka hapa, na ni hapa njo wanaanguka.

Mwaka uko na majuma 52. Tuseme safari moja ya mwenye nyumba ni majuma 3. Ili ulale mu nyumba za watu mwaka muzima, unahitaji safari 17 zenye kufuatana vizuri. Familia moja ikisafiri mara 2 kwa mwaka, unahitaji familia 8 ao 9 zenye kukuamini, na zisiondoke wakati moja.

Lakini zitaondoka wakati moja! Vakansi kubwa ya mwezi wa 7 na wa 8, na mwisho wa mwaka, watu wote wanasafiri. Wakati huo nyumba 4 zitakuita siku moja. Kisha mwezi wa 2 ao wa 10 unaweza kukosa hata moja. Na masuwa ikichelewa, profesa akirudia mbele ya wakati juu kozi imekatwa, programu yako inavunjika na uko inje na valizi yako.

Kwa hiyo usirudishe nyumba yako ya kupanga juu umepata nyumba moja ya kuchunga. Kupata ingine itakuomba garanti mupya. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi 3, lakini hata hiyo miezi 3 ni feza mingi kwa mutu mwenye hana mushahara.

Sasa turudilie ile hesabu ya Paris. Kule, mwenye kuchunga anaepuka hoteli. Hapa, kama umebakia na chumba chako, haujaepuka kitu: unalipa chumba kama kawaida, na unalala kwa profesa. Kwa hiyo kubadilishana bila feza, yaani "utalala bure na hiyo inatosha", hapa kwetu siyo faida kwako. Hapa kazi hii inapaswa kulipwa. Kidogo, lakini ilipwe. Usione haya kuisema.

Wanyama: hapo njo masomo yako yanaanza kusema

Mwenye nyumba anaweza kupata mutu yeyote wa kulala. Mutu mwenye anajua wanyama, siyo rahisi. Acha nitaje mambo yenye kila muchunga-nyumba anapaswa kujua, hata kama hakusoma agronomi.

Imbwa kwanza, juu inaweza kukuua. Kichaa cha imbwa, yaani raje, ikishaonyesha alama kwa mutu, karibu hakuna mwenye anapona. Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) linakadiria kama watu 59.000 wanakufa kwa raje kila mwaka, wengi wako Afrika na Asia, na mara 99 juu ya 100 ni imbwa njo ilileta. Kwa hiyo, mbele ya kukubali nyumba yenye imbwa, omba uone karneti ya vaksini. Kama hakuna, mwenye nyumba achanje imbwa mbele ya safari. Vaksini inahitaji majuma fulani ili ichunge imbwa vizuri, basi isiwe siku ya kuondoka. Akikataa, kataa nyumba. Ni kusema muzuri tu: "Mama, ninaheshimu sana nyumba yako, lakini bila vaksini sitaweza."

Imbwa akikuuma ao akikukwaruza, osha kidonda palepale na maji mingi na sabuni kwa dakika 15. Hesabu dakika 15 ku saa, siyo kwa kufikiri. Kisha enda hospitali siku ileile juu ya shindano, hata kama kidonda ni kidogo. Usingojee uone kama imbwa itagonjwa: alama kwa mutu zinaweza kuchelewa miezi 2 ao 3, na zikitokea umechelewa. Imbwa yenyewe usiiue, ifungwe na ichungwe siku 10 chini ya macho ya veterineri.

Chakula cha imbwa na cha paka, usikibadilishe. Kama walizoea fufu na samaki, endelea na fufu na samaki. Kubadilisha kwa rafla kunaleta kuhara. Usiwape mifupa ya kuku yenye kupikwa, juu inavunjika kama sindano. Usiwape kitunguu wala shokola.

Kuku wa mayai sasa. Kuku moja anakula karibu grame 120 kwa siku. Kuku 20 ni kilo 2,4 kwa siku. Kwa siku 21 ni kilo 50 na kidogo, ni kusema mufuko muzima wa kilo 50. Basi kama mwenye nyumba anaondoka majuma 3 na anakuonyesha nusu ya mufuko, unajua mbele ya kuondoka kwake kama chakula haitafika. Mwambie hapo hapo, na kalkulatrisi mu mukono. Maji ni karibu mara mbili ya uzito wa chakula, na zaidi wakati jua ni kali. Kuku wenye kukosa maji siku moja wanaweza kuacha kutaga kwa siku mingi.

Mbuzi wa kilo 25 anahitaji karibu kilo 4 za majani mabichi kwa siku. Maganda ya muhogo muchungu usimpe mabichi, yakauke kwanza kwa jua, juu iko na sumu. Na sungura usiwape majani yenye yangali na maji ya umande.

Sasa ni jambo lenye watu wengi hawafikirie. Wewe mwenye kutoka nyumba moja na kuingia ingine, ni wewe unaweza kubeba ugonjwa. Ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kuku wa parseli nzima kwa siku chache, na unasafiri ku viatu, ku nguo, ku mufuko wa chakula. Homa ya nguruwe ya Afrika, yenye ilielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haina dawa. Haigonjeshe watu, lakini virusi yake inaweza kubakia muda murefu mu nyama ya nguruwe, hata yenye kukaushwa. Mutu mwenye anachunga nyumba 10 kwa mwaka anaweza kuharibu mali ya nyumba 10.

Kwa hiyo muwe na amri tatu. Ya kwanza: kila nyumba iko na viatu vyake, boti ao sandali zenye hazitoki parseli. Ya pili: mbele ya kuingia mu parseli mupya, nguo zifuliwe, viatu vioshwe na sabuni mupaka matope yaishe, kisha maji ya javele. Javele juu ya matope haifanye kazi. Ya tatu: ukitoka penye wanyama wamekufa kwa ugonjwa wenye haujulikani, usiingie kwa wengine mara moja. Poteza nyumba moja, uchunge jina. Na vaksini ya Newcastle ya matone mu jicho, yenye kurudiliwa kila miezi 3 ao 4, iwe ni kitu unauliza ku kila nyumba yenye kuku.

Kuna kasuku pia, juu tuko Tshopo na kasuku wako mu nyumba mingi. Kasuku anaweza kuishi miaka 40 na kupita. Usimpe avoka, kwake ni sumu. Umusemeshe, juu kasuku mwenye kuachwa peke yake anajing'oa manyoya. Lakini ujue pia: kwenye mukutano wa CITES kule Johannesburg mwaka 2016, kasuku wa kijivu waliwekwa ku orodha ya kwanza, ile ya wanyama wenye biashara yao kati ya inchi imefungwa. Kulisha kasuku wa nyumba ni kazi yako. Kumubeba ku masuwa "juu ya ndugu wa Kinshasa", hapana.

Na ukikuta mu parseli mutoto wa sokwe ao wa bonobo mwenye kufungwa kamba, usikamate nyumba hiyo. Ni wanyama wenye kulindwa, na sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya kulinda viumbe iko wazi. Nyani na kima wanaweza pia kuambukiza watu magonjwa. Mpox, yenye OMS ilitangaza kama hatari ya dunia nzima tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, ilijulikana kwa mutu mara ya kwanza mu inchi yetu, mwaka 1970.

Karatasi mbele ya ufunguo

Hatari kubwa ya kazi hii, nyuma ya raje, ni kuitwa mwizi. Telefone inapotea, esansi ya grupe inapunguka, mutu wa familia alikuja na ufunguo wake, na wewe njo ulikuwa mu nyumba. Bila karatasi, neno lako halina uzito mbele ya neno la mwenye nyumba. Basi tunaandika, hata kama ni mujomba wako. Karatasi haiondoe heshima, inaichunga.

Andikeni kurasa mbili, kila mumoja abakie na moja, na ndani muweke hivi:

1. Siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na bei ya kila siku yenye inaongezeka kama safari inachelewa.
2. Hesabu ya wanyama: wangapi, rangi gani, nani ni mugonjwa tangu mbele. Piga foto ya kila mumoja pamoja na mwenye nyumba.
3. Vyumba vyenye utatumia. Vingine vifungwe na ufunguo aende nao. Usikubali kubakia na ufunguo wa chumba cha feza.
4. Kiasi cha chakula cha wanyama na feza ya kuongeza, yenye kuachwa mbele, siyo ahadi ya kutuma.
5. Feza ya mugonjwa wa rafla na nambari ya veterineri mwenye familia inajua.
6. Munyama akikufa: unapiga foto, unaita mwenye nyumba, unamungojea aseme. Usizike mbele, na usikule hata kama ni kuku.
7. Nani ana ruhusa ya kuingia. Jina kwa jina.
8. Kama kuna sentineli, kazi yake ni gani na yako ni gani. Kama hii haijaandikwa, utajikuta ku mulango usiku kwa bei ya kulisha paka.

Kisha, mbele ya mwenye nyumba kuondoka, akupeleke kwa jirani na kwa shefu wa kartie, aseme kwa kinywa chake: huyu kijana atabakia hapa mupaka siku fulani. Mu muji wetu, mutu asiyejulikana mwenye anaingia na kutoka mu parseli ya mutu mwenye hayuko, watu wanaweza kumufikiria mwizi, na munajua vile hiyo inaweza kuishia. Dakika 10 za salamu zinaweza kuokoa maisha yako.

Kwa dada zetu, ninaongeza hii: usibakie peke yako usiku mu parseli yenye hauijue. Muwe wawili, na museme hivyo tangu mwanzo. Mwenye nyumba akisema "peke yako tu", hiyo nyumba usiikamate.

Watu wane, chumba kimoja

Sasa ninafika ku wazo lenyewe. Mutu mumoja hawezi kujaza majuma 52, tuliona. Lakini tufikiri watu wane wa promosio moja ao mbili. Mumoja alisoma agronomi, mwengine anajua kompyuta na kuandika kontra, wengine ni dada wawili wenye wanaweza kuchunga nyumba pamoja. Wanapanga chumba kimoja. Tuseme, kwa mufano tu, chumba ni dolare 40 kwa mwezi: kila mumoja anatoa 10. Hapo njo penye kila mutu anarudilia kama nyumba imeisha mbele ya wakati. Valizi hazibakie ku barabara.

Mwezi wa 7 nyumba zikiita 3 siku moja, kuna watu wa kutuma. Mwezi wa 10 hakuna nyumba, watu wane wanaweza kuvumilia pamoja gharama yenye mumoja hangeweza. Mumoja akigonjwa na malaria, mwengine anaenda kulisha kuku wake. Na familia nane zenye kila mumoja angetafuta peke yake, zinakuwa familia za kikundi: ukimuona mumoja akifanya vizuri, unawaamini wote. Kwa ubaya pia ni vile. Mumoja akiiba hata kopo ya maziwa, wote wane wameiba. Kwa hiyo muchague watu kwa tabia mbele ya kuangalia diploma.

Musianze na kupanga chumba. Anzeni na nyumba moja, ya mutu mwenye anawajua: profesa wenu wa zamani, mama wa kanisa, jirani. Mufanye majuma 2. Kila siku saa moja mangaribi mumutumie mesaji fupi: wanyama wako muzima, mayai 14, umeme ulikatika saa nane, mulango uko sawa. Akirudia, akute nyumba safi kuliko vile aliacha, karatasi ya matumizi na feza yenye ilibakia, hata kama ni franga 500. Kisha mumuombe barua ya mistari mitano yenye kushuhudia kazi yenu. Barua tatu za namna hiyo, za watu wenye muji unawaheshimu, zina nguvu kuliko CV ya kurasa nne.

Kazi hii haitawafanya watajiri. Kwa mwaka wa kwanza itakusaidia kulipa ile sehemu yako ya chumba, kula, na kuchunga mikono yako karibu na yale ulisoma, badala ya kubakia nyumbani miaka mitatu ukingoja konkuru. Na kama siku moja njia ya Nairobi ao ya mbali zaidi inafunguka, utafika na barua zako mu mukono, kama wale wa mu video walivyoanza na paka ya jirani.

Wenye wako tayari, mujihesabu wane, mutafute nyumba yenu ya kwanza mbele ya vakansi kubwa. Na karneti ya vaksini ya imbwa, muiombe mbele ya ufunguo.